Daftari la Muuguzi na Hofu ya Mkimbizi

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha umma upande wa mashariki mwa Nairobi. Hivi karibuni nimepewa jukumu la kupeleka huduma mitaani, hasa kwa wakimbizi na waomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini. Siku ya kwanza tuliweka hema na meza karibu na ofisi ya chifu, tukatangaza kwa kipaza sauti, na waliokuja hawakufika ishirini. Mama mmoja mjamzito kutoka Kongo alikubali kupimwa presha, nayo ikawa juu. Nilipomwomba kitambulisho ili nimwandike, alisema anakwenda kukichukua nyumbani, na hakurudi. Wenzangu wanasema watu hawa hawapendi hospitali. Je, ni kweli? Nifanye nini ili waje, na wakija niwahudumie vipi?

JIBU: Dada yangu, kabla sijagusa swali lenyewe nakuomba umtafute mama huyo leo. Mjamzito mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi anahitaji kupimwa tena, na mkojo wake kupimwa kama una protini. Presha ikifika 160 kwa 110, au akilalamika kuumwa na kichwa kisichotulia, kuona ukungu machoni au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni dharura ya kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu kinachoweza kufuata ni kifafa cha mimba. Usiende kwake na mtu wa ofisi ya chifu wala na mzee wa nyumba kumi. Nenda na mhamasishaji wa afya ya jamii anayeijua ploti anayoishi, au na mama mwingine Mkongo aliyefika kwenye meza yako siku ile, na ukifika mlangoni useme kwanza kwamba umekuja kwa ajili ya presha yake na kwamba hujafuata kitambulisho.

Ama kuhusu usemi wa wenzako kwamba watu hawa hawapendi hospitali, si kweli, na nakuomba usiuruhusu ukae kituoni kwenu. Katika miaka yangu ya kutembea Eastleigh, Kayole na Kawangware nimewaona akina mama wakitoka mtaa wa mbali kwa miguu, mtoto mgongoni, kumfuata muuguzi mmoja wanayemwamini, huku wakiupita mlango wa kituo kilicho karibu nao. Kilichowafukuza kwenye hema lenu ni mahali mlipolisimika, sauti mliyowaitia, na lile daftari. Hayo mawili ya kwanza yanarekebishika kwa wiki moja. La tatu ndilo zito, na sehemu kubwa ya jibu hili italihusu, kwa maana nimeamini kwa muda mrefu kwamba mkimbizi wa mjini humpima muuguzi kwa daftari lake: anaandika nini, anaandika wakati gani, na nani mwingine atakayelisoma.

Hofu hiyo ina historia, nawe huwezi kuifanya kazi hii bila kuijua. Desemba 2012 serikali ilitoa agizo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma, na kwamba usajili wao mijini ukomeshwe. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikwenda mahakamani pamoja na wakimbizi wenyewe, na tarehe 26 Julai 2013 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo. Hata hivyo, Aprili 2014 operesheni iliyoitwa Usalama Watch iliingia Eastleigh na mitaa mingine. Maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wao walizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani huku hati zao zikikaguliwa. Binti aliyekuwa na miaka minane wakati ule, aliyemwona baba yake akipandishwa lori kwa sababu ya karatasi, leo huenda ni mama anayepaswa kuleta mtoto kliniki. Mtu huyo akisikia kipaza sauti kikiita wakimbizi wakusanyike karibu na ofisi ya chifu, hasikii habari za chanjo hata kidogo. Ongeza juu ya hayo wale ambao bado wanasubiri uamuzi wa maombi yao ya hifadhi, ambao karatasi walizo nazo zimekwisha muda au hawajazipata kabisa, na utaelewa kwa nini mama yule alikwenda "kuchukua kitambulisho" na asirudi. Yamkini hakuwa nacho, na aliona haya au aliogopa kusema.

Sheria iko upande wako katika jambo hili, na ni vizuri uijue kwa maneno yake ili ujibu kwa utulivu yeyote atakayekuuliza kwa nini unawahudumia watu wasio na hati. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kimesema kila mtu. Katiba hiyohiyo, inapotaka kuwataja raia peke yao, huwataja, kama inavyofanya katika Kifungu cha 35 kuhusu haki ya kupata habari. Kuna pia Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inaziweka habari za afya ya mtu na za kabila lake katika kundi la data nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Daftari lako la mtaani, lenye jina, nchi aliyotoka, ugonjwa na mahali anapolala, lina vyote hivyo katika mstari mmoja. Likiachwa juu ya meza wazi, au likapigwa picha na kutumwa kwenye kikundi cha simu cha wafanyakazi, ni hatari kwa watu hao.

Kwa hiyo badilisha utaratibu. Hakuna hatua yoyote ya kitabibu, katika kupima presha au kuchanja mtoto, inayohitaji nambari ya kitambulisho. Unahitaji jina ambalo mtu huyo ataitika ukimwita, umri, namba ya simu yake au ya mtu atakayempata, na maelezo ya mahali anapoishi kwa alama zinazojulikana, kwa mfano ploti ya lango la kijani mkabala na kinu cha posho, kwa kuwa anwani nyingine haipo. Mhudumie kwanza, kisha uandike. Unapoandika, mgeuzie daftari alione na umsomee ulichoandika: "Nimeandika jina lako, presha yako, na siku ya kurudi, sijaandika kingine." Jambo hili huchukua nusu dakika. Nimeliona likibadilisha uso wa mtu kuliko dawa yoyote niliyowahi kubeba mkobani.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe kuhusu daftari, maana bado linaniuma. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikimfuatilia mama mmoja aliyekaribia kujifungua, na nilimpa barua ya rufaa aende katika hospitali moja ya hapa mjini kwa sababu mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wiki iliyofuata niliposikia kwamba hakwenda, niliandika mbele ya jina lake neno "amekataa". Alijifungulia chumbani, akavuja damu nyingi, na aliokolewa na majirani waliomkodishia gari usiku. Nilipomtembelea baadaye ndipo aliponieleza kwamba alikwenda, akafika langoni, akaulizwa kitambulisho na pesa za kutangulizwa, akaonyesha barua yangu, na akarudishwa. Neno langu lilikuwa uongo, na muuguzi mwingine yeyote ambaye angelisoma angemhukumu mama yule kwa uongo huo. Tangu siku hiyo siandiki kwamba mtu amekataa huduma kabla sijamwuliza yeye mwenyewe kilichotokea, na barua ya rufaa isiyo na jina la mtu atakayeipokea upande wa pili siiiti tena rufaa. Piga simu kabla hajatoka. Ikiwezekana, mhamasishaji amsindikize hadi ndani ya lango, kwa maana langoni ndipo rufaa nyingi zinapokatika.

Sasa tuzungumzie watu wa kuingia nao mitaani. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja nchi nzima, na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto. Hao ndio wenzako wa kwanza, kwa kuwa kila mmoja anazijua kaya zake. Wengi wao, hata hivyo, hawazungumzi Kisomali, Kioromo wala Kirundi, na wengine wao wenyewe wana shaka na wageni. Tafuta basi miongoni mwa wakimbizi watu wanaosikilizwa. Utashangaa ni wangapi walikuwa wauguzi au wakunga kwao, na hapa wanauza vitenge nyumba kwa nyumba kwa sababu hawajasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Usiwape sindano washike, kwa sababu sheria hairuhusu na wewe ndiye utakayewajibika. Wape nafasi ya kueleza, kutafsiri, kutambua dalili za hatari na kukupeleka kwa watu, na uwalipie angalau nauli na chakula cha mchana, kwani siku anayokupa wewe ni siku ambayo hakuuza kitu.

Kuhusu ukalimani kuna mambo matatu ambayo sikubaliani na namna yanavyofanywa mara nyingi. La kwanza ni kumtumia mtoto wa shule kumtafsiria mama yake kwa sababu amejua Kiswahili haraka. Mtoto hapaswi kusikia habari za hedhi ya mama yake, za kupigwa kwake wala za kilichomfika njiani, na mama hatasema ukweli mbele ya mtoto. La pili ni kumtumia mume pale unapouliza habari za uzazi au za usalama wa nyumbani. La tatu halionekani kwa urahisi: mkalimani wa ukoo mmoja na mgonjwa anaweza kuwa ndiye mtu wa mwisho ambaye mgonjwa angetaka ajue. Kifua kikuu, ambacho Wasomali hukiita qaaxo, kina aibu kubwa kiasi kwamba nimewajua watu waliopenda kukohoa miezi kadhaa kuliko neno hilo litamkwe mbele ya jamaa. Mwulize mgonjwa faraghani anataka nani amtafsirie, na ukikosa mtu, afadhali mkalimani wa kwenye simu asiyemjua kuliko jirani aliye chumbani.

Wala usidhani kwamba Kiswahili kitakutosha kwa Wakongo na Warundi kwa sababu tu mnaitikiana. Nairobi mtu akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua. Anayetoka Kivu au Bujumbura akisema homa, anazungumzia joto la mwili, na pengine malaria. Ukiandika "mafua" kwa mtoto ambaye mama yake ameripoti joto kali, umeanza vibaya. Vivyo hivyo presha Wasomali huiita dhiigkar, yaani damu inayochemka, na nimekutana na wazee waliokuwa wakimeza vidonge vyao siku wanazohisi damu inachemka tu, na kuviacha siku wanazojisikia vyema. Hapakuwa na ukaidi wowote hapo. Jina lenyewe la ugonjwa lilikuwa limewafundisha hivyo. Niliacha kuwakemea, nikaanza kuwaeleza kwamba damu hii huchemka kimyakimya, bila kujulisha, na kwamba kidonge ni cha kuizuia isianze. Mwezi wa Ramadhani uzungumze mapema na wenye kisukari, wiki kadhaa kabla ya mwandamo, ili daktari apange dozi za daku na futari au amweleze mgonjwa kwa nini kufunga kutamdhuru; ukingoja mwezi uandame, kila mtu atakuwa amekwisha kujiamulia.

Saa unazokwenda mitaani zina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Kijana Mrundi anayeuza njugu hutembea tangu asubuhi hadi jioni, na mama wa vitenge hurudi jua likizama. Ukipita saa nne asubuhi utawakuta wazee, watoto na wajawazito wa karibu kujifungua, nawe utaandika ripoti kwamba wanaume hawana haja na huduma. Panga angalau siku moja ya jioni kila wiki, Jumapili baada ya ibada katika makanisa ya Wakongo kule Kayole, na Eastleigh uzungumze na akina mama wanaosimamia madarasa ya dini, kwa kuwa wao ndio wenye usemi ndani ya nyumba. Ijumaa mchana usiweke kitu. Ujue pia kwamba watu hawa huhama mara kwa mara, kodi ikipanda au mwenye nyumba akikorofika, na kwamba laini ya simu hubadilika pamoja na nyumba. Ndiyo maana nilisema uchukue namba ya mtu mwingine aliyemchagua yeye mwenyewe.

Wakifika, anza na watoto, kwa sababu hapo ndipo imani hujengeka upesi na faida huonekana. Ratiba ya Kenya unaijua: BCG, ya kuzuia kifua kikuu, na polio wakati wa kuzaliwa, dozi zinazofuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela katika miezi 9 na 18. Mtoto akija na kadi ya Kifaransa au ya Kiarabu, isome kwa msaada wa mtu na uendelee pale ilipoishia; hakuna haja ya kuanza upya hata kama pengo ni la mwaka mzima. Asipokuwa na kadi yoyote, mhesabu kama ambaye hajachanjwa, ukijua kwamba dozi ya ziada haimdhuru, ilhali dozi iliyokosekana inaweza kumdhuru yeye na mtaa mzima. Machi 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo, vya aina inayoenea palipo na watoto wengi wasiochanjwa, vilipatikana katika sampuli ya maji taka iliyochukuliwa Kamukunji, yaani palepale Eastleigh ilipo. Nalitaja hilo kila mara wahisani wa mtaa wanaponiuliza kwa nini tunawahangaikia watoto wa wageni. Pima pia mkono wa kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya hapo na 12.5 ni wa wastani unaohitaji kufuatiliwa. Familia inayolipa kodi ya nyumba Nairobi bila kibali cha kazi hukata chakula kwanza.

Afya ya wajawazito ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Wengi wa akina mama wa Kisomali na baadhi ya wale wa Ethiopia na Sudan wamekeketwa, na wengine wameshonwa. Kitendo hicho ni marufuku Kenya chini ya sheria ya 2011, na sina neno la kukitetea. Lakini mama aliye mbele yako alifanyiwa akiwa mtoto, na hakuja kliniki kuhukumiwa. Mwulize mapema, faraghani, kwa sauti ya kawaida, tangu ziara za kwanza, ili mkunga aandike mpango wa kumfungua kwa usalama kabla au wakati wa kujifungua. Nimeona wakunga wakigundua hali hiyo mtoto akiwa njiani, wakashtuka, wakaitana waje watazame. Mama aliyetazamwa hivyo harudi, wala dada zake hawaji.

Kisha kuna hofu ya upasuaji. Akina mama wengi wanaotaka familia kubwa wanaamini kwamba ukikatwa mara moja uzazi umefungwa, na kwamba hospitalini watu hukatwa haraka ili zahanati na madaktari wapate pesa. Usiipuuze hofu hiyo, wala usiijibu kwa takwimu. Mlete mama aliyefanyiwa upasuaji na akazaa tena, aketi nao nusu saa bila wewe kuwepo. Kazi hiyo mimi na mihadhara yangu hatukuiweza kwa miaka miwili.

Waeleze wote, tena waume zao wakiwepo, habari za cheti cha kuzaliwa. Mtoto yeyote anayezaliwa Kenya anapaswa kusajiliwa, wazazi wake wawe raia au wasiwe, na cheti hicho hakimpi uraia, bali kinathibitisha alizaliwa wapi, lini na nani. Akizaliwa kituoni, taarifa ya kuzaliwa huandikwa palepale. Akizaliwa nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu, yaani katika ofisi ileile wanayoikwepa, na ikipita miezi sita usajili huhesabika umechelewa na huwa na masharti zaidi. Nimewaona akina baba waliokuwa wagumu kuhusu kuzalia hospitalini wakibadilika waliposikia hilo, kwa sababu wanajua vizuri kuliko sisi maana ya mtu kukosa karatasi. Hili ni daftari moja wanalolitaka, nawe ndiwe uliyelishika.

Kuhusu majeraha ya nafsi na magonjwa ya akili nitasema machache, ingawa yanahitaji barua yake. Usimwombe mtu akusimulie yaliyompata ili umwamini. Anapoomba hifadhi huyasimulia mara nyingi mbele ya maafisa, na kila mara hupimwa kama anasema kweli. Asikutane na hilo tena kwenye meza ya muuguzi. Uliza usingizi, hamu ya chakula, kama anaweza kufanya kazi zake za nyumbani, na kama kuna siku huona afadhali asingekuwepo. Sikiliza maneno yao: Msomali anaweza kukuambia ana buufis, ile hamu ya kupelekwa nchi ya mbali inayomtafuna mtu hadi ashindwe kuishi alipo, Mnyarwanda anaweza kutaja ihahamuka, pumzi kumwisha kwa kumbukumbu. Si kila mmoja wao anahitaji kupelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Njia iitwayo Problem Management Plus, ya vikao vitano vinavyoendeshwa na wahudumu wa jamii waliofunzwa, ilijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na ikaonekana kupunguza dhiki. Uliza kama katika kaunti yako ndogo kuna aliyefunzwa. Mwenye kutaka kujidhuru, au aliyepoteza mawasiliano na hali halisi, huyo apelekwe bila kungoja.

Na mtu akikuambia amebakwa, saa ndiyo inayohesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120. Si lazima apitie polisi ndipo atibiwe. Mweleze hivyo waziwazi, kwa kuwa wengi wanaamini kinyume chake, na hufa nalo moyoni kwa kuogopa kituo cha polisi. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

Kama mnatumia meza moja kwa matibabu na kwa usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, msifanye hivyo. Zitenganisheni. SHA ilichukua mahali pa mfuko wa zamani wa bima, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na mkimbizi mwenye kitambulisho anafaidika kujisajili, kwa sababu huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya huduma hizo, na hospitali za juu hulipiwa kwa michango. Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kuulipa kwa mwaka mzima mara moja. Kwa kaya inayoishi kwa mauzo ya siku, shilingi 3,600 kwa mkupuo si kitu kidogo, nami huwashauri wanawake waliomo kwenye vyama vya kuchangiana waifanye zamu ya mwezi mmoja iwe ya SHA. Yule ambaye bado hana nambari ya kitambulisho hubaki nje, na kwa huyo unarudi kwenye orodha ya mashirika yanayosaidia, ambayo tangu fedha za wafadhili zipungue mwaka 2025 imekuwa fupi. Ihakikishe kila mwezi kwa simu, usimtume mtu kwenye mlango uliofungwa. Usajili huo ufanyike siku nyingine, na mtu mwingine, baada ya watu kukuzoea.

Hema lenu msilirudishe kwa chifu. Mwendee mwenyewe kwa heshima, umweleze kazi yenu na sababu ya kuhamia kwingine, maana ukimzunguka atahisi unamficha jambo, na machifu wengi niliofanya nao kazi walielewa. Mwombe mchungaji wa kanisa moja la Wakongo chumba chenye pazia na choo cha karibu, chenye milango miwili ikiwezekana, ili anayeingia kupimwa asikutane uso kwa uso na anayetoka. Peleka mizani, kipimo cha presha, chanjo katika jokofu la kubebea, vijiti vya kupimia mkojo na vitabu vya mama na mtoto vya kutosha. Daftari likae mkobani hadi mtu wa kwanza amalize kuhudumiwa, na mstari wa kwanza uwe wa yule mama wa presha, ukishampata: jina analotaka aitwe, kipimo cha leo, kipimo cha siku ile, na jina la mkunga anayemngojea.